Kabei (2008): mama aliyebaki na mabinti wawili baada ya polisi kumchukua mumewe

#1 Sinema_Tanga (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kuna watu humu wamekuwa wakiniomba uzi wa Kabei, leo nimekaa kitako niuandike. Ni filamu ya Kijapani ya 2008, mwongozaji Yoji Yamada, mama anachezwa na Sayuri Yoshinaga. Nitasimulia hadi mwisho, kwa hiyo asiyetaka kujua mwisho akaitazame kwanza kisha arudi.

Tuko Tokyo, 1940. Baba, Shigeru Nogami, ni msomi wa fasihi ya Kijerumani. Anaandika, na wakaguzi wa serikali wanayakataa maandishi yake. Mkewe ni Kayo. Wana mabinti wawili, Hatsuko mwenye miaka kumi na kitu na Teruyo, kitinda mimba, ambaye ndiye anayetusimulia akiwa mtu mzima. Nyumbani wanaitana kwa majina ya utani yanayoishia na "bei": baba ni Tobei, mama ni Kabei, watoto ni Hatsubei na Terubei. Hawana hela, ila ni nyumba yenye raha.

Kisha usiku mmoja, kabla hakujapambazuka, polisi wanabisha hodi. Wanaingia na kukanyaga mikeka na viatu vyao. Anayejua nyumba za Kijapani atashtuka hapo hapo, maana hata mtoto mdogo huvua viatu mlangoni. Wanapekua rafu, wanabeba vitabu, wanamfunga baba kamba mbele ya watoto wake, wanaondoka naye. Hakuna kofi wala bunduki. Yamada haongezi muziki wa kutisha. Ukiona zile nyayo mkekani unajua kwamba nyumba hii haitarudi ilivyokuwa.

Kosa lake? Mawazo. Mwaka 1925 Japani ilipitisha Sheria ya Kulinda Amani, mwaka ule ule walipowapa wanaume wote wazima haki ya kupiga kura. Mkono mmoja ulitoa, wa pili ukachukua. Sheria ililenga yeyote aliyejiunga na kundi lenye nia ya kubadili mfumo wa dola chini ya Mfalme Mkuu, au kupinga umiliki binafsi wa mali. Adhabu ilianza na kifungo kisichozidi miaka 10. Mwaka 1928 wakaongeza kifo. Mwaka 1941 wakaongeza kingine ambacho mimi nakiona kibaya zaidi: hata ukimaliza kifungo chako wanaweza kukuzuia usitoke, kwa hofu tu kwamba utarudia. Watekelezaji walikuwa polisi maalumu walioitwa Tokko. Hadi 1945 watu zaidi ya 70,000 walikuwa wamekamatwa, na waliofikishwa mahakamani ni kama sehemu moja ya kumi. Yaani wengi walikaa ndani, wakapigwa, wakaandika maungamo, na hakimu hawakumwona.

Filamu nyingi za wafungwa wa siasa zingetuingiza na baba seli. Hii inabaki na mama. Sehemu kubwa tunaiona nyumba, jiko, mlango wa mbele, foleni. Tobei tunamwona Kabei anapoenda kumtembelea, na kila mara kuna kilichopungua mwilini mwake. Amekonda, ndevu zimemwota, ana vidonda, na bado anajitahidi kuuliza watoto wanaendeleaje shuleni. Askari yupo pembeni anasikiliza. Mke inabidi aongee kwa sauti ya kawaida wakati macho yake yanahesabu majeraha. Yoshinaga anaicheza kwa kufanya kidogo sana, na ndiyo maana inauma.

Barua nazo. Terubei anamwandikia baba, baba anajibu, na barua zinapita kwa mkaguzi kwanza. Mtoto anapokea karatasi yenye mistari iliyopakwa wino mweusi.

Kuhusu majirani Yamada ni muungwana kuliko nilivyotarajia. Mwaka 1940 serikali iliweka rasmi vikundi vya ujirani, kaya kumi hivi kila kikundi. Kwa msomaji wa Tanzania, fikiria balozi wa nyumba kumi aliyekabidhiwa na mgawo wa chakula. Mgawo ulipitia humo, matangazo yalipitia humo, na macho ya serikali yalipitia humo. Kuna kikao kimoja ambapo inabidi wote wainame kuelekea Kasri la Mfalme, kisha mmoja anakumbusha kwamba Mfalme kwa sasa yuko kwenye nyumba yake ya Hayama, basi wanaanza kubishana waelekee upande gani. Kabei amesimama katikati yao, mke wa "msaliti", na yeye anainama. Majirani hawa si watu wabaya. Wanamsaidia. Lakini hakuna hata mmoja anayesema kwa sauti kwamba mumewe kaonewa.

Mtu aliyeniumiza zaidi ni baba mzazi wa Kabei. Huyu amewahi kuwa mkuu wa polisi, na kwake mkwe aliyefungwa kwa mawazo ni aibu ya ukoo. Anamwita bintiye, chakula kizuri kipo mezani wakati watu mjini wanakula kwa mgawo, na anamtaka aachane na mumewe. Kabei anakataa. Baba anamkana. Hapo ndipo nilipoielewa filamu. Sheria ilimfunga mmoja, ila ilikuwa inamfuata mke hadi kwa baba yake.

Nafuu inatoka kwa Yamazaki, aliyekuwa mwanafunzi wa Tobei, anayechezwa na Tadanobu Asano. Mara ya kwanza anapokuja kutoa pole anakaa kwa magoti kwa heshima, muda unapita, na akitaka kuinuka miguu imekufa ganzi, anaanguka. Watoto wanacheka kwa mara ya kwanza tangu baba achukuliwe. Tangu siku hiyo ni Yamachan, wa nyumbani. Sikio moja halisikii, kwa hiyo jeshi halimtaki. Anampenda Kabei, kila mtu anaona, na hasemi.

Tobei anafia gerezani. Baadaye vita inapokula vijana wote jeshi linamtaka Yamazaki pia, sikio au bila sikio. Meli yake inazamishwa. Shangazi Hisako, dada yake Tobei, ambaye alikuwa akija kusaidia na watoto, alikuwa amerudi kwao Hiroshima. Mnajua kilichotokea Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945.

Mwisho wa filamu ni miaka mingi baadaye. Kabei ni bibi kizee, yuko hospitali, anakata roho. Terubei anamwinamia na kumfariji kwamba sasa ataonana na Tobei huko aendako. Kabei ananong'ona kwamba hataki kuonana naye huko. Anataka kumwona akiwa hai, hapa. Filamu nzima huyu mama hajalalamika. Ameinama walipoambiwa wainame, amefundisha, amepika, ameshona. Miaka yote hiyo hasira ilikuwa ndani, nzima, haijapungua hata punje. Mimi naamini Yamada alitengeneza saa mbili zote ili tuusikie mnong'ono ule.

Karibuni tujadili.

#2 Ngalawa77

Uzi mzuri mkuu, nimeusoma wote. Ila mimi nina tatizo na Yoshinaga. Amezaliwa Machi 1945, maana yake alipocheza alikuwa na miaka 62, na anamchezea mama mwenye mtoto wa miaka tisa. Kila akisimama karibu na watoto wale naona bibi na wajukuu. Mwigizaji mkubwa hakuna ubishi, lakini filamu inatuomba tufumbe macho.

#3 Sinema_Tanga

Ngalawa77, hoja yako ilisemwa hata kwao. Nakubali dakika za mwanzo inasumbua. Kwangu ilipotea kwenye ile ziara ya kwanza gerezani. Na kumbuka anayesimulia ni Teruyo mtu mzima, anamkumbuka mama yake. Sura anayoiona kichwani inaweza kuwa na miaka yote kwa pamoja. Kuna na jambo la historia yake mwenyewe: Yoshinaga tangu miaka ya 1980 amekuwa akisoma mashairi ya waathirika wa bomu la atomiki mbele ya watu. Mjapani anayemwona kwenye nafasi hii anaijua sauti hiyo.

#4 BintiMkwakwani

Niseme ambacho sijaona mtu akikisema. Mimi nilimkasirikia Tobei.

Ana mke, ana watoto wawili wadogo. Waendesha mashtaka wanamtaka aandike karatasi kwamba vita ambayo Japani ilikuwa inapigana China ni vita takatifu, na yeye anakataa kuiita hivyo. Nakubali ni vita ya uvamizi, na yeye alikuwa sahihi. Lakini hebu tuwe wakweli, karatasi ile ingebadilisha nini huko China? Hakuna. Ingembadilishia nini Terubei? Kila kitu. Msimamo wa mwanaume ule ulilipwa na mwanamke aliyekuwa anatafuta kazi ya ualimu wa muda ili watoto wapate kula. Na filamu haimuulizi Kabei hata mara moja kama alikubali kulipa.

Sisemi Tobei ni mbaya. Nasema tukimsifu yeye kwa kutosaini, tuandike na jina la aliyelipa.

#5 Sinema_Tanga

Dada, hoja hii ni nzito, na nimekaa nayo kabla ya kujibu.

Kwanza historia yake, maana kusaini ndicho kilichokuwa kiini cha mfumo wote. Tokko hawakutaka kuwaua watu hawa wote. Walitaka wakane. Mwezi Juni 1933 viongozi wawili wakubwa wa Chama cha Kikomunisti, Sano Manabu na Nabeyama Sadachika, wakiwa gerezani walitoa tamko la kukana msimamo wao, na ndani ya wiki chache mamia ya wafungwa wenzao wakafuata. Polisi na waendesha mashtaka wakaona njia hii inazaa kuliko kitanzi. Na walijua mahali pa kubonyeza: mama mzazi, mke, watoto. Wanamwambia mfungwa, tazama unavyomtesa mama yako. Kwa hiyo swali lako, Binti, ndilo lile lile waliloliuliza wao, wakiwa wamemfungia mlango.

Hapo ndipo naogopa kumlaumu Tobei. Aliyewaweka watoto wale na njaa ni aliyekuja alfajiri na kamba.

Kuhusu Kabei kutoulizwa, nadhani aliulizwa, na aliyemuuliza ni baba yake, pale mezani. Njia ya kutoka ilikuwepo: achana naye, rudi nyumbani, watoto watakula nyama. Alijibu kwa kuinuka.

#6 BintiMkwakwani

Hapo umenijibu nusu. Kumkataa baba yake ni kuchagua kubaki na mume. Kuchagua mume aendelee kukataa ni jambo la pili. Mwanamke anaweza kubaki na mume na bado akatamani usiku kucha kwamba asaini arudi. Na yale maneno ya mwisho hospitalini mimi nayasikia hivyo. "Nataka akiwa hai." Kuna lawama mle ndani, na sehemu yake inamwendea Tobei.

#7 Sinema_Tanga

Sikuwahi kuyasikia hivyo. Lakini maneno yanabeba maana hiyo, siwezi kukukatalia. Nikiitazama tena nitayasikiliza kwa sikio lako.

#8 Mwalimu_Iringa

Shikamooni wakubwa. Naongeza kitu ambacho mleta uzi hakukigusa. Hadithi hii imetokana na kumbukumbu za Teruyo Nogami, mtu wa kweli, aliyezaliwa 1927. Wapenzi wa filamu wanamjua kwa jambo lingine: alikuwa mtunza mfululizo wa matukio wa mwongozaji Akira Kurosawa kuanzia filamu ya Rashomon ya 1950 na kuendelea. Yaani yule Terubei wa kupokea barua zenye wino mweusi ndiye aliyekuja kukaa pembeni ya kamera ya Kurosawa, akihakikisha kila kitu kinalingana toka picha hadi picha.

Na baba yake wa kweli hakufia gerezani. Alitoka, akaiona Japani ya baada ya vita, akafundisha chuo kikuu Kobe, akafariki 1957. Kifo cha gerezani ni cha filamu. Sasa nawauliza wadau: Yamada alikuwa na haki ya kumuua?

#9 Ngalawa77

Kha! Hilo sikulijua. Basi mimi naona amekosea. Ukweli ulikuwa unatosha. Baba aliyetoka jela akiwa amevunjika, akaishi na watoto waliokwisha kuzoea kutokuwepo kwake, hiyo nayo ni filamu, na pengine ngumu zaidi kuitengeneza. Kifo kinarahisisha. Mtazamaji analia, anafuta machozi, yamekwisha.

#10 Mzee_wa_Kongowea

Vijana, salaam. Mimi namtetea Yamada. Alikuwa anasimulia nyumba moja kwa niaba ya nyingi, na katika hizo nyingi baba hakurudi.

Mwandishi Kobayashi Takiji alikamatwa Tokyo tarehe 20 Februari 1933, akafa siku hiyo hiyo mikononi mwa polisi wa Tsukiji. Wakasema moyo umesimama. Maiti ilirudishwa nyumbani, mama yake akaiona ilivyo. Mwanafalsafa Tosaka Jun alifia gereza la Nagano tarehe 9 Agosti 1945, siku ile ile bomu lilipoangushwa Nagasaki. Zilikuwa zimebaki siku sita tu Mfalme atangaze kusalimu amri.

Na Miki Kiyoshi, huyo ndiye anayenikosesha usingizi. Naye mwanafalsafa. Alikamatwa 1945 kwa sababu ya kumsaidia rafiki aliyekuwa anatafutwa. Vita ikaisha tarehe 15 Agosti. Hakuna aliyefungua mlango. Alifia gerezani, katika uchafu na maradhi, tarehe 26 Septemba 1945, vita imekwisha zaidi ya mwezi mzima, Wamarekani wameshaingia Tokyo. Sheria ilikuwa bado ipo, magereza yalikuwa bado na watu wake, na maofisa waliendelea na kazi kama kawaida. Ni baada ya kifo chake kujulikana na kelele kupigwa ndipo jeshi la Marekani lilitoa amri ya Oktoba 4 wafungwa wa kisiasa waachiwe, na sheria yenyewe ikafutwa mwezi huo huo.

Kwa hiyo Yamada alipomuua Tobei hakubuni kitu. Aliazima kifo kutoka nyumba ya jirani.

#11 Mwalimu_Iringa

Mzee wangu, nimekuelewa kabisa. Kumbe huyo wa Nagano na yule wa Septemba ndio walionyamaziwa, na Tobei amebebeshwa kifo chao. Bado natamani filamu ingetuambia mwishoni kwamba wa kweli alirudi.

#12 Kalamu_ya_Pwani

Nimewasoma wote. Sipingi uzuri wa filamu, nimeipenda. Ila nataka niseme upande ambao hauonekani mle.

Sheria hii haikuwa ya Wajapani tu. Ilitumika Korea na Taiwan, makoloni yao, na Wakorea waliokuwa Japani waliipata kwa ukali wake. Mshairi Yun Dong-ju alikuwa mwanafunzi Kyoto. Alikamatwa 1943 kwa sheria hiyo hiyo, kosa lake likihusu uhuru wa Korea na lugha yake, akafia gereza la Fukuoka tarehe 16 Februari 1945, akiwa na miaka 27. Mashairi yake yalichapishwa akiwa ameshakufa. Yeye hakuwa na Kabei wa kumpelekea nguo, mama yake alikuwa ng'ambo ya bahari.

Katika Kabei, China ni neno linalobishaniwa mezani kwa mwendesha mashtaka. Mchina mwenyewe haonekani. Nawaza yule mama wa Nanjing, mji wa China ambako jeshi la Japani liliua raia wengi, naye alikuwa na mabinti.

#13 Sinema_Tanga

Kalamu, ulichosema ni kweli na kinapaswa kubaki kwenye uzi huu. Naongeza kimoja tu kuhusu Yamada mwenyewe. Alizaliwa 1931, akakulia Manchuria, eneo la China lililokuwa chini ya Wajapani, baba yake akiwa mhandisi wa reli ya Wajapani huko, na familia ilirudi Japani 1947 ikiwa haina kitu. Kwa hiyo alikuwa mtoto wa upande wa waliokalia nchi ya wenzao. Mimi nadhani ndiyo maana katika filamu yake anayekataa kuiita vita ile takatifu ndiye anayekufa kwa hilo. Alichoweza kukisimulia kwa uhakika ni nyumba ya Kijapani, akabaki humo. Kwa kumsikia Mchina au Mkorea inabidi tutafute filamu zao wenyewe.

#14 Mjukuu_wa_Bi_Siti

Nimechelewa jamani. Maswali mawili kwa mleta uzi. Moja, mbona kwa Yamada watu wanataja vichekesho tu? Pili, nikimaliza hii nitazame ipi?

#15 Sinema_Tanga

Karibu sana. Vichekesho ni kwa sababu ya Tora-san, mchuuzi mzururaji aliyechezwa na Kiyoshi Atsumi tangu 1969 hadi 1995, filamu 48, karibu zote zikiongozwa na Yamada. Familia nzima Japani zilikuwa zikienda kuziona sikukuu za mwaka mpya. Ule mkono wa vichekesho unauona hata humu, pale miguu ya Yamazaki inapokufa ganzi, na kwa yule mjomba Senkichi mwenye pete ya dhahabu kidoleni anayebishana barabarani na kina mama wa uzalendo wanaotaka wananchi waachane na anasa. Senkichi ni mlafi, hana adabu, na ndiye pekee kwenye filamu anayesema analofikiri hadharani. Watoto wanamchukia na kumpenda kwa wakati mmoja.

Cha kutazama baada ya hapa ni filamu ya Kurosawa ya 1946 iitwayo No Regrets for Our Youth, yupo mwigizaji Setsuko Hara. Ilitengenezwa mwaka mmoja tu baada ya sheria kufutwa, na kisa chake kimeegemea kwenye msukosuko wa Chuo Kikuu cha Kyoto wa 1933, profesa alipoondolewa kazini kwa mawazo yake, na kwa Hotsumi Ozaki, mwandishi wa habari aliyenyongwa Novemba 1944 pamoja na Richard Sorge, jasusi wa Wasovieti. Humo mke wa mfungwa anaenda kijijini kwa wakwe zake, kijiji kimewatenga, na analima mpunga hadi mikono inabadilika. Ni mwanamke wa aina nyingine kabisa na Kabei, ana moto wa nje. BintiMkwakwani, hii itakufaa wewe hasa, maana huyu mwanamke anachagua mwenyewe, na kamera inamsubiri achague.

#16 BintiMkwakwani

Nimeipata, naiangalia Ijumaa. Nitarudi na maswali.